Jua la Oktoba Tabora: namna ya kuwalinda watu wako saiti wasipigwe na joto

Kila mwezi wa tisa ukiingia simu yangu inaanza kupokea maswali yale yale. Kaka maji niwape kiasi gani, chumvi niweke au nisiweke, kijana kaanguka nimpe panado au soda, na juzi mmoja kaniuliza eti kweli Mnyamwezi anaweza kupigwa na jua la kwao? Anaweza, nimeona kwa macho yangu na kosa lilikuwa la kwangu. Kwaiyo nimeamua niandike yote mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii asome.

Mi ni msimamizi wa saiti hapa Tabora mjini, nyumba za watu na fremu za maduka, nakuwaga na watu kati ya nane na kumi na tano, mafundi na saidia fundi. Si daktari. Haya nimeyapata kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, kwa kusoma, na mengine kwa aibu. Kama wewe unafyatua tofali, unasafisha shamba la tumbaku kule Urambo au unaanika dagaa Kibirizi pale Kigoma, hatua ni hizi hizi, unabadilisha vitu vidogo tu.

Kitu kimoja ukielewe kabla hatujaanza, mana bila hiki mengine yote ni kazi bure. Kibarua haombi kupumzika. Analipwa kwa siku au kwa tofali, anajua akikaa chini wenzake watamwita mvivu na kesho we utaita mtu mwingine, kwaiyo atabeba ndoo mpaka adondoke. Ukikaa unasubiri mtu aseme nimechoka utasubiri mpaka umbebe. Maji na mapumziko ni amri yako kwa saa, kama unavyoamrisha vipimo vya zege.

KWA NINI MWEZI WA KUMI

Kwa kifupi tu. Oktoba ndo mwezi wetu wa moto, mvua bado, na siku za mwanzo wa mwezi, kama tarehe 5 au 6 hivi, jua linapita juu ya utosi kabisa. Simama uwanjani saa 6 na nusu mchana uangalie, kivuli chako kimejikunja chini ya miguu. Maana yake ukuta uliokuwa unawapa watu kivuli saa 4 hauwapi chochote mchana.

Alafu kuna jambo watu waliotoka Dar huwa hawalijui, saa yetu ni moja nchi nzima lakini sisi tuko magharibi, jua la Tabora liko nyuma ya la Dar kwa karibu nusu saa, na Kigoma liko nyuma zaidi. Oktoba jua linachomoza saa 12 na nusu na joto kali linaendelea mpaka saa 10. Mtu anayekuja na ratiba ya Dar ya "saa 9 jua limeshapoa" atawachoma watu.

Na hewa yetu mwezi huo ni kavu. Jasho linakauka kabla hujaliona, shati halilowi, mtu anajiona hatoki jasho. Mwangalie mgongoni akigeuka, utaona mistari myeupe ya chumvi kama ramani, hayo ndo maji yaliyotoka. Kigoma kando ya ziwa ni kinyume, hewa ina unyevu, jasho linaganda mwilini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Shida mbili tofauti, mwisho mmoja.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

- Madumu ya maji safi ya kunywa. Hesabu lita 1 kwa mtu kwa saa. Watu 10 kwa saa 7 ni lita 70, yani madumu ya lita 20 matatu na nusu, we peleka manne.
- Ndoo yenye mfuniko na koki, na vikombe. Kila mtu kikombe chake, tusije kuepuka jua tukaangukia kipindupindu.
- Magunia mawili matatu ya katani.
- Turubai kubwa na kamba, mirunda minne.
- Pipa la maji ya akiba yasiyo ya kunywa. Saiti nyingi lipo tayari kwa ajili ya kumwagilia zege, sheria yangu ni kwamba halishuki chini ya nusu.
- Shuka au kanga mbili za zamani.
- Pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji kurudisha maji na chumvi mwilini, kama sita. Duka lolote la dawa wanazo.
- Namba za madereva bajaji wawili wanaopokea simu kweli, na uwe umeshajua zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kinafungwa saa ngapi.
- Simu yenye chaji na salio. Nacheka naandika hivi ila imeshatokea.

Na turubai ukilinunua unatumia miaka.

HATUA

1. Panga kazi kwa jua, sio kwa mazoea

Kazi nzito zote, kumwaga zege, kupandisha tofali, kuchimba msingi, ziishe asubuhi. Sisi Oktoba tunakutana saa 12 kamili, mwanga upo, mpaka jua linachomoza tumeshachanganya mota (mchanga na simenti). Saa 12 na nusu mpaka saa 5 na nusu ndo muda wa nguvu. Kuanzia saa 6 mpaka saa 8 watu wanakula na kulala chini ya mwembe, na Tabora kwa miembe hatujapungukiwa. Saa 8 mpaka saa 10 zinabaki kazi za ndani au za kivulini, kufunga nondo chini ya turubai, kupiga plasta chumba ambacho kimeshapauliwa ila angalia, chumba chenye mabati bila dari na madirisha yamezibwa ni tanuru, bora hata nje. Kama kazi inaruhusu funga siku saa 8 kabisa, wape posho ile ile, utashangaa mwisho wa wiki tofali zimejengwa sawa na zile za wanaoshinda juani.

Angalia hali ya hewa kwenye simu jioni kabla ya siku ya kazi. Lakini ujue ile namba ya simu ni ya kivulini. Ikisema 32, mtu aliye juani anaweza kuhisi hadi nyuzi 8 zaidi, na aliye juu ya bati jipya linalong'aa sitaki hata kusema.

2. Funga kivuli kabla hujafungua mfuko wa simenti

Turubai lifungwe juu, mtu asimame bila kuinama, pande zote wazi upepo upite. Kosa la kawaida ni kufunga nailoni nyeusi chini chini kama banda la kuku, mle ndani joto linazidi la nje. Kosa la pili ni kuweka kivuli mbali. Kikiwa mita 100 watu hawaendi, watachuchumaa pembeni ya tofali. Kiweke karibu na kazi na maji uyaweke hapo hapo.

3. Mgeni na aliyerudi waanze taratibu

Hii ndo hatua inayorukwa na kila mtu na ndo inayoangusha watu. Mwili unazoea joto, ila unahitaji kama wiki moja mpaka mbili kuzoea. Wanaoanguka mara nyingi ni wa siku za mwanzo, tena vijana wenye misuli wanaotaka kuonekana.

Mtu mpya kabisa: siku ya kwanza mpe kama sehemu moja ya tano ya kazi nzito ya kawaida juani, kesho ongeza nyingine, keshokutwa nyingine, siku ya tano ndo yuko kamili. Muda unaobaki sio kwamba anakaa bure, atapanga tofali kivulini, atachekecha mchanga, ataosha vifaa. Mtu mzoefu aliyekuwa nje ya kazi wiki moja au zaidi, labda alisafiri au alifiwa, anaanza na nusu, kesho asilimia 60, inafuata 80, siku ya nne kamili.

Aliyetoka kuumwa malaria mchukulie kama mgeni hata kama ni fundi wako wa miaka kumi. Bado ana upungufu wa maji, hajala vizuri, damu imeshuka. Vile vile mwenye sikoseli, mwenye presha anayetumia dawa za kukojoza, mjamzito, na mtu wa umri. Hata dawa za mafua na mzio kama piriton zinapunguza jasho na kuleta usingizi. Usimuulize mbele ya watu, mvute pembeni asubuhi, "kaka uko sawa? Kuna dawa unameza?" Wengi watakwambia ukiuliza kwa heshima.

Na aliyeamka na gongo kichwani asipande juu. Hapo sina mjadala.

4. Maji kwa saa, sio kwa kiu

Kikombe cha robo lita kila dakika 15 mpaka 20. Kiu ikifika mtu ameshachelewa. Sisi tuna mzee mmoja saiti, kazi yake ni kulinda vifaa, ndo nimempa kengele, ni kipande cha nondo anagonga kwenye pipa bovu. Akigonga kila mtu anashuka anakunywa mbele yake, hakuna "nakuja". Mwanzo walikuwa wanamcheka, sa hizi akichelewa wanampigia kelele wenyewe.

Kuna kiwango cha juu pia, usivuke lita 1 na nusu kwa saa. Mtu anayebugia maji matupu mengi kwa mkupuo anaweza kushusha chumvi ya damu, akaanza kutapika na kuchanganyikiwa, na utadhani ni jua.

Chumvi sasa. Anayekula milo yake kawaida hahitaji chumvi ya ziada, chumvi ya kwenye ugali na mboga inatosha, na vile vidonge vya chumvi achana navyo. Ila kama watu wanatoka jasho masaa mengi mfululizo au hawajala asubuhi, mpe kila mtu ORS kidogo kidogo katikati ya siku. Pakiti huna? Lita moja ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Onja, isizidi chumvi ya machozi. Usiongeze chumvi kwa makadirio ya mkono, watatapika.

Soda haikatazwi ila sio maji. Hizi enaji drinki za asubuhi ndo sizitaki, mtu anakunywa mbili tumbo tupu anajiona simba, anafanya kazi kupita mwili unavyoweza kupoa. Nawahimiza wale kabla ya kuja, chai na mihogo, au hata matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) na karanga mfukoni, yale yanakaa tumboni na ni ya kwetu.

Maji yapoe vipi bila friji? Vaa dumu gunia la katani, lilowanishe, weka kivulini panapopita upepo. Gunia linavyokauka linavuta joto la dumu, na kwa hewa yetu kavu ya Oktoba inafanya kazi vizuri sana, lowanisha tena kila likikauka. Watu wakipata maji ya baridi wanakunywa mengi kuliko yale ya uvuguvugu. Kigoma mjini kwenye unyevu haitapoa hivyo, huko mtungi kivulini na barafu za mama wa jirani.

5. Mapumziko ya lazima

Kabla ya saa 5, dakika 10 kila saa, kivulini, helmeti imevuliwa. Baada ya hapo, dakika 15 kila baada ya dakika 45, na kwa wanaobeba zege natengeneza makundi mawili, hawa wakibeba wale wamekaa, wanabadilishana. Ukiona kazi inaenda polepole kumbuka mtu aliyechoka na joto ndo anayedondosha ndoo ya zege kwenye mguu wa mwenzie.

Na chakula cha mchana sio hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe mapumziko ya angalau dakika 60.

6. Nguo

Shati la pamba, mikono mirefu, la kupwaya, rangi ya mwanga. Vijana wanapenda kuvua shati, jua linawapiga moja kwa moja kwenye ngozi na wanapoteza maji haraka zaidi, waambie wavae. Kofia ya nyasi pana kwa wasio chini ya kazi za juu, aliye chini ya jukwaa helmeti haivuliwi, ila anaweza kuweka kitambaa kibichi shingoni. Raba buti za plastiki ni za siku ya zege tu, usimwache mtu ashinde nazo. Wakati wa mapumziko mwaga maji kwenye mikono na shingo, yanasaidia kuliko watu wanavyodhani.

7. Wawili wawili, na ujue dalili

Kila mtu awe na mwenzie wa kumwangalia. Aliyepigwa na joto hajijui, ndo ubaya wake.

Vipele vya joto shingoni na kwapani ni onyo dogo, aoshe, akauke, abadili shati. Misuli ya mguu au tumbo kukaza ni onyo la pili, akae, anywe ORS, asirudi kazi nzito siku hiyo. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, jasho jingi, mwili kulegea, hapo mwili umechoka na joto, kivulini mara moja, miguu juu, maji kidogo kidogo, na mtu akae naye. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa apelekwe.

Sasa ile kubwa, kiharusi cha joto. Mwili unafika nyuzi 40 kwenda juu na ubongo unaanza kuharibika. Dalili ya kushika ni moja: akili imebadilika. Anaongea vitu visivyoeleweka, anagombana bila sababu, anacheka ovyo, anayumba, anazimia, au anapata degedege.

Nikupe yangu. Miaka kadhaa nyuma kulikuwa na dogo mmoja saidia fundi, alilala na malaria wiki nzima, Jumatatu karudi, na mi nikamweka kwenye mota kama kawaida. Saa 8 na kitu fundi juu ya jukwaa anafoka, dogo kapandisha ndoo tupu. Akashuka, akapandisha tena tupu. Wenzake wanacheka, na yeye anacheka. Nikamfuata nikamuuliza umekunywa? Akaniangalia akasema, "Bosi, Itigi tumeshapita?" Alidhani yuko kwenye treni. Na mi, badala ya kuelewa, nikasema huyu kalewa, nikamwambia akakae nyuma ya ukuta mpaka pombe imtoke. Nyuma ya ukuta, saa 8, hakuna kivuli. Dakika kumi baadae mtu kaenda kukojoa akamkuta kalala kifudifudi, mwili unachoma kama sufuria na shati bado limelowa jasho.

Hilo la mwisho liweke akilini. Utasikia watu wanasema kiharusi cha joto lazima ngozi iwe kavu. Kwa mtu anayefanya kazi ngumu mara nyingi jasho bado linatoka. Usisubiri akauke.

8. Akianguka: poza kwanza, safirisha baadae

Hapa usisome, hapa ujue kwa kichwa, na wafundishe wote.

a) Mhamishie kivulini. Mtu mmoja apige simu ya bajaji na kituo cha afya wakati huo huo, sio baadae.
b) Mvue buti, soksi, shati, legeza mkanda.
c) Mwagia maji mwili mzima, mengi, bila kuacha. Usihurumie pipa. Kama kuna barafu za pakti weka shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa ndani. Funika na kanga iliyolowa, ibadilishe kila ikipata joto, na wengine wampepee kwa mabati au makatoni. Unashindana na nusu saa ya kwanza.
d) Kama amechanganyikiwa au amezimia usimnyweshe kitu. Sio maji, sio soda, sio maziwa, yatamwingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu.
e) Bajaji ikifika endelea kumpoza njiani, beba dumu na kanga. Usimpakie mshikaki katikati ya watu wawili kwenye bodaboda, unamfunika joto juu ya joto na akilegea mnaanguka wote. Usafiri ukichelewa, msimkimbize mikononi, baki unamwaga maji.
f) Paracetamol hapana. Ile inashusha homa ya ugonjwa, hili sio homa, halisaidii na ini lake tayari liko taabani.

Yule dogo tulimwagia maji ya pipa la kumwagilia zege, lita kama 150, mpaka akaanza kutetemeka na kuniita jina. Hospitali walimlaza siku nne na wakatuambia wazi yale maji ndo yalimwokoa. Nilichowaficha ni zile dakika kumi za nyuma ya ukuta.

UKIKWAMA

Hawataki kunywa, wanasema watakojoa sana. Mara nyingi shida ni choo, hakipo au ni kichafu. Hasa akina mama wanaobeba maji na kokoto, wanajizuia makusudi. Rekebisha choo kwanza. Alafu wafundishe kuangalia mkojo, ukiwa wa njano hafifu sana yuko vizuri, ukiwa wa njano iliyokolea aongeze maji. Ukiwa kama chai ya rangi, kahawia kabisa, na misuli inauma sana, hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo, misuli inavunjika na figo zinaziba.

Zege haliwezi kusimama katikati. Kweli, slabu ukiiacha inapata ungio baya. Kwaiyo siku ya slabu ongeza watu, usiongeze masaa. Anza na taa saa 10 alfajiri kama majirani watavumilia, gawa makundi mawili, na kama hesabu inaonyesha hamtamaliza kabla ya saa 6 basi igawe siku mbili kwa kupanga ungio mapema na injinia wako.

Ni malaria au ni jua? Zinafanana sana, kichwa, kutapika, mwili moto, na huku kwetu malaria ni ya kila siku. Jibu ni kwamba usichague. Kama akili imebadilika poza mwili sasa hivi, kipimo cha malaria watafanya kituoni. Kama akili iko sawa, mpumzishe kivulini anywe, na akapime leo, asinunue dawa ya mseto kwa kukisia.

Tumbaku. Mwezi wa kwanza mpaka wa nne wakati wa kuvuna, mtu akitapika na kuzunguka kichwa asubuhi wakati jua bado halina nguvu, na alikuwa anavunja majani yenye umande, inaweza kuwa ni sumu ya tumbaku mbichi, nikotini imepenya kwenye ngozi. Avue nguo zilizolowa, aoge kwa sabuni, apumzike, akizidi apelekwe. Vunjeni majani yakishakauka umande, mvae glavu na mikono mirefu. Na wale wa mabani, yani vibanda vya kukaushia tumbaku, wakati wa kukausha, kuchochea moto usiku mzima alafu kushinda shambani juani, huo ni mwili mmoja unachomwa pande mbili, wapeane zamu.

Mwezi wa Ramadhani. Aliyefunga usimlazimishe na usimfukuze. Mpe kazi nzito zile dakika 90 za mwanzo asubuhi, baada ya hapo kivulini, na amalize mapema. Akionyesha dalili, afya inatangulia, na mashekhe wengi watamwambia hivyo hivyo.

Dagaa haziwezi kuanikwa kivulini. Sawa, dagaa zikae juani, watu wakae kivulini. Kugeuza ni dakika chache, kinachowamaliza akina mama ni kukaa pale wakifukuza kunguru. Banda dogo la makuti pembeni ya vichanja, na zamu za kufukuza ndege.

Bosi hataki, anasema nampotezea muda. Mkumbushe Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka alinde afya ya watu wake na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wanaweza kufika saiti. Kama hajali sheria, mpigie hesabu: bajaji, hospitali, siku nne za kulazwa, kazi kusimama, na ndugu wa mgonjwa wamekaa getini kwake. Mi mwenye nyumba mmoja alibadilika nilipomwambia akae na mimi juu ya bati saa 8 tukihesabu misumari. Alikaa dakika sita.

Aliyeanguka anataka kurudi kesho. Hapana. Mwenye kiharusi cha joto anarudi kwa ruhusa ya daktari tu, na akirudi anaanza kama mgeni wa hatua ya 3, tena kwa uangalifu zaidi mana mwili wake unaweza kushindwa joto kirahisi kwa muda mrefu. Dogo wangu alikaa nyumbani wiki tatu, nikawa nampa nusu posho. Aliporudi nikamkabidhi mpira wa kumwagilia zege, asubuhi na jioni tu, na ndo yeye aliyechagua kipande cha nondo ambacho mzee anagongea pipa mpaka leo.